Wajukuu Wangu, Zitafuteni Ndege Zetu

Wajukuu wangu wa Kitale na Bungoma,

Ndege ya kwanza kuandikishwa nchini Kenya bado inaruka. Iliundwa Uingereza mwaka 1925 na kampuni ya de Havilland, mwili wake mbao na kitambaa, mabawa yake yamepangwa ghorofa mbili, na za aina yake ziliundwa tatu tu. Mwaka huohuo ililetwa Mombasa kwa meli na mlowezi John Carberry. Ikapewa jina Miss Kenya. Namba yake ilikuwa G-KAA, baadaye VP-KAA. Mwaka 1965 ilirudishwa Uingereza ikiwa imebebwa tumboni mwa ndege kubwa ya jeshi, ikafanyiwa matengenezo, na sasa inatunzwa Old Warden, Bedfordshire, pamoja na ndege nyingine kongwe za Shuttleworth. Siku za maonyesho, upepo ukiwa mtulivu, huvutwa nje ikawashwa, nayo hupaa.

Mtoto wa Kiminini mwenye bando la shilingi ishirini anaweza kuiona ikipaa kwenye video, leo, kabla ya kulala. Nawaambia haya kwanza kwa sababu nimewasikia wengi wenu mkisema kwamba mambo ya ndege ni ya Nairobi, ni ya matajiri, ni ya sinema za wazungu, na kwamba sisi huku chini ya Mlima Elgon tulichonacho ni mahindi na miwa. Maneno hayo siyakubali, na nitawaeleza sababu zangu pole pole.

Simu mnayo mkononi mchana kutwa. Basi itumieni kutafuta, wala msingoje ikuleteeni kile inachotaka. Mkishaiona Miss Kenya, fuateni jina la mmoja wa waliokuja kuimiliki, Tom Campbell Black, mtaona jinsi uzi mmoja unavyovuta mwingine. Mwaka 1929 mwanamke mjane aitwaye Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege Nairobi, Wilson Airways, na Campbell Black akawa rubani wake. Ndiye aliyemfundisha kurusha ndege Beryl Markham, msichana aliyekulia Njoro. Mwaka 1934 alishinda mashindano ya ndege kutoka Uingereza hadi Melbourne akiwa na mwenzake C. W. A. Scott. Septemba 1936 Beryl, peke yake ndani ya ndege, alivuka bahari ya Atlantiki kutoka Uingereza kuelekea magharibi, kinyume cha upepo, akaishia kwenye kinamasi cha Nova Scotia, Canada, pua ya ndege imezama matopeni na yeye mzima. Kampuni ya Mama Wilson iliisha vita vilipoanza, lakini mwaka 1962 uwanja wa Nairobi West ulipewa jina lake. Kila mtu anayesema leo kwamba anapanda ndege Wilson anamtaja mama huyo bila kujua.

Sasa jifunzeni kusoma herufi zilizoandikwa ubavuni mwa ndege, maana hizo ndizo ufunguo wa utafutaji wote. Zinazoanza na 5Y ni za Kenya, 5X ni za Uganda, 5H ni za Tanzania. Kabla ya uhuru zetu nyingi zilianza na VP-K. Ukiona picha ya zamani mtandaoni, usishughulike kwanza na maelezo yaliyoandikwa chini yake, kwa sababu watu huandika lolote. Isome namba. Ukiiandika namba hiyo peke yake kwenye sehemu ya kutafutia, utaletewa mwaka ndege ilipoundwa, kampuni zilizoimiliki, na mara nyingi mahali ilipo sasa au ilipoangukia.

Jaribuni na hii: 5H-MOG. Hiyo ni Super VC10 ya East African Airways, shirika letu sote, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, lililoanza kazi tarehe 1 Januari 1946 likiwa na ndege sita ndogo za Dragon Rapide. Miaka ishirini baadaye shirika hilo lilikuwa na majeti ya injini nne yaliyoruka kutoka Embakasi hadi London. Hiyo 5H-MOG ilikuwa VC10 ya mwisho kabisa kuundwa kiwandani. Baada ya hapo hazikuundwa tena. Fikirini basi: ndege ya mwisho ya aina iliyosifiwa dunia nzima kwa uzuri wake, na waliokuja kuichukua ni sisi.

Halafu tukagombana. Madeni yakalimbikizana, nchi wanachama zikalaumiana nani amelipa na nani hajalipa, na mwanzoni mwa 1977 shirika likafa. Kenya Airways ilianzishwa tarehe 22 Januari mwaka huo. VC10 zilizobaki zikarudi Uingereza, Jeshi la Anga la huko likazinunua na kuzigeuza matangi ya kuzijazia ndege nyingine mafuta zikiwa angani. Ile 5H-MOG ikapewa namba ZA150, ikafanya kazi hiyo hadi Septemba 2013 ilipotua Dunsfold, Surrey, mikononi mwa makumbusho ya Brooklands. Iko hapo. Ukiitazama picha yake, rangi ya kijivu ya jeshi imefunika kila alama yetu. Mimi huona uchungu, na sitaki mnione mzee wa kulia ovyo. Huona uchungu kwa sababu pale Malaba na Lwakhakha ninyi huvuka mpaka kwenda sokoni kama watu wanaovuka kijito, mna mashemeji Mbale na Tororo, na bado kizazi changu kilishindwa kuendesha ndege moja pamoja.

Kuna jambo moja kubwa nataka mlishike mkiwa mnatafuta. Mtandao utawaletea kwa haraka sana habari za walioshika usukani. Utawaletea Beryl, utawaletea Denys Finch Hatton aliyeanguka Voi mwezi Mei 1931, utawaletea karamu zao na farasi wao. Wasomeni. Walikuwa na ujasiri wa kweli na sipendi kijana anayedharau ujasiri kwa sababu ya rangi ya mwenye nao. Lakini kila mnapoiona picha, watazameni waliosimama pembeni. Yule mwenye kaptula aliyeshika bawa. Wale wawili wanaosukuma mkia. Yule aliye juu ya ngazi na debe la mafuta. Maelezo ya picha humtaja rubani, mgeni wake, pengine na mbwa. Hao wengine hawana majina, na hao ni wa ukoo wenu kuliko wote waliotajwa.

Uwanja wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958, ulijengwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau waliofungiwa kambini palepale wakati wa hali ya hatari. Walichimba, wakaponda mawe, wakasawazisha ardhi kwa mikono. Mwaka uliofuata, Septemba 1959, Tom Mboya aliwapandisha vijana 81 ndege moja kwenda kusoma Marekani. Mimi siwezi kuyatenganisha mambo hayo mawili. Jengo kubwa la abiria mnaloliona leo lilifunguliwa 1978 upande wa pili wa uwanja, na uwanja ukapewa jina la Jomo Kenyatta. Hapohapo ndipo Mzee wetu Masinde Muliro alipoanguka na kufariki tarehe 14 Agosti 1992, aliporejea kutoka London. Mkipita pale siku moja mkienda masomoni, simameni dakika moja kabla ya kuvuta mabegi.

Habari za wafungwa wa Embakasi hamtazipata kwa kubonyeza mara moja. Nendeni Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, kwenye lile jengo kongwe la benki ambalo sanamu ya Tom Mboya imesimama mbele yake. Ombeni faili, kaeni, someni. Karatasi hukaa kimya hadi aje mtu anayeuliza swali.

Na sasa miguu. Anzeni karibu. Kitale ina kiwanja cha ndege nje kidogo ya mji, nacho kinajulikana duniani kwa herufi KTL. Marubani hukiita HKKT, na HK hiyo ya mbele ndiyo Kenya. Bungoma ina kiwanja cha Matulo, karibu na Webuye. Najua mmepita hapo mara nyingi mkiwa juu ya bodaboda bila kugeuza shingo. Nendeni safari hii mtazame. Angalieni njia ya kurukia imeelekezwa wapi, kisha mwulize mkulima wa jirani upepo huvuma kutoka upande gani saa tisa mchana. Mtagundua kwamba aliyeipanga njia hiyo aliujua upepo huo. Tafuteni ule mfuko wa kitambaa unaoning'inia juu ya mlingoti: ukijaa na kulala sambamba na ardhi, upepo ni mkali, ukilegea, rubani anajua hewa imetulia. Kisha fungueni picha za setilaiti mtafute mashamba ya walowezi wa zamani kati ya Kitale, Endebess na Cherangani. Wenye mashamba makubwa katika nchi hii walikuwa na desturi ya kujitengenezea viwanja vya nyasi. Mkiona mstari ulionyooka katikati ya mahindi, msiseme mmegundua. Ulizeni kwanza wazee wa hapo.

Mkiwa Kitale ingieni makumbusho. Hamtakuta ndege humo, na bado nawatuma kwa sababu. Yalianza kama mkusanyiko wa mtu mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyekusanya wadudu, vipepeo, vitabu na vyombo, akaanzisha jumba lake mwaka 1926. Alipokufa mwaka 1966 akaacha vitu vyake kwa taifa, na mwaka 1974 Kitale ikapata makumbusho ya kwanza ya mikoani, mbali na pwani. Reli ina makumbusho yake Nairobi tangu 1971. Urithi wa ndege haukukusanywa hivyo, umetawanyika, na anayetaka kuukusanya hahitaji kungoja waziri. Stoneham hakungoja.

Jumamosi nyingine pandeni matatu ya Kisumu kupitia Webuye na Kakamega. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ilifungua safari za kutoka London kuja Afrika Mashariki, na Kisumu ikawa bandari ya ndege zinazotua majini. Kwa nini Kisumu? Ziwa halihitaji kusawazishwa wala kukatwa nyasi, lina urefu wa kutosha kwa ndege nzito, na reli ilikuwa imefika ukingoni mwake tangu 1901, hivyo abiria na mifuko ya barua viliweza kuendelea Nairobi kwa treni. Ndege hizo hazikuruka usiku. Abiria walishuka kila jioni, wakalala hotelini, wakaamka kabla ya jua. Simameni ufukweni mtazame ghuba, mjiulize rubani alitazama nini kabla ya kushuka: mawimbi, magugu, mitumbwi ya wavuvi, viboko. Kila mmoja wa wavuvi hao alilazimika kujua saa ya ndege. Sijapata kuona kitabu kilichowauliza.

Njia ya kaskazini nayo ina historia yake. Barabara inayotoka Kitale kupitia Kapenguria na Lodwar hufika Lokichoggio, karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Kuanzia 1989 Umoja wa Mataifa ulipeleka chakula kwa watu wa vita kutoka pale, kazi iliyoitwa Operation Lifeline Sudan. Ndege aina ya Hercules zilishuka chini, zikafungua milango ya nyuma, magunia yakaanguka yakiwa yamefungwa mara mbili ili chakula kisimwagike. Chakula hicho kilipita Kitale kwa malori. Baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005 mashirika yakahamia Juba na Lokichoggio ikatulia. Madereva, makuli na wapishi wa kambi zile wako miongoni mwenu Matisi na Kipsongo, wengine hawajafika miaka sitini. Hao si wa kungoja.

Kwa watu wa Bungoma kuna Soroti, upande wa Uganda, ambako chuo cha urubani kilianzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima na bado kinafundisha. Ni karibu nanyi kuliko Nairobi. Embakasi kuna chuo kingine, tangu 1954, kinachofundisha uongozaji wa ndege na kazi nyingine za anga. Msidhani kazi ni urubani tu, ambao ni ghali na sitawadanganya kuhusu hilo. Kuna fundi wa injini, kuna mwongozaji wa mnara, kuna mtabiri wa hali ya hewa. Na msichana akiambiwa kwamba hiyo si kazi yake, atafute jina la Irene Koki Mutungi, Mkenya aliyekuwa mwanamke wa kwanza Afrika kuwa nahodha wa Boeing 787.

Mkifika Nairobi, tengeni siku nzima kwa Wilson. Aero Club ya Afrika Mashariki iko pale, ilianzishwa mwaka 1927. Hapo Wilson ndipo madaktari wanaoruka wa Amref wana makao yao, kazi iliyoanzishwa mwaka 1957 na daktari mpasuaji Michael Wood na wenzake wawili, baada ya kuona kwamba mgonjwa wa mbali hufa njiani kabla hajafika hospitali. Kwangu mimi hiyo ndiyo sura nzuri kuliko zote za ndege nchini. Pia fuatilieni matangazo ya Jeshi la Anga la Kenya, lililoundwa 1 Juni 1964. Miaka ya karibuni limefanya maonyesho ya ndege Uhuru Gardens, raia wakaruhusiwa kuingia na kutazama kwa karibu.

Sasa niwaonye, na hapa nataka mtulie. Mei 2016 mji wa Bungoma ulijulikana dunia nzima kwa sababu kijana mmoja alining'inia kwenye chuma cha helikopta iliyokuwa inaondoka na jeneza, akabebwa juu ya mji, kisha akaanguka na kuumia. Watu walicheka, wakampa jina la sinema, video ikazunguka. Mimi sikucheka. Mkono ungeteleza pale juu ya paa za maduka, angekufa, na helikopta ingeyumba wangekufa wengi. Kila wakati wa kampeni naona vijana wakikimbilia helikopta kabla mapanga hayajasimama. Panga la mkiani likizunguka halionekani. Kaeni mbali, ngojeni lisimame, ndipo msogee kutoka mbele ambako rubani anawaona. Kumbukeni pia Januari 2003 pale Busia, ndege iliyobeba mawaziri ilianguka mara tu ilipopaa, akafa Waziri wa Leba Ahmad Khalif na marubani wote wawili. Anga huadhibu haraka.

Na picha msipige ovyo. Kambi za jeshi, Eastleigh au Laikipia, zina sheria zake, na viwanja vya raia pia vina walinzi. Andikeni barua kwa meneja wa uwanja kupitia mwalimu wenu, semeni mnachotaka kuona na siku gani. Barua safi hufungua milango ambayo ubishi huifunga. Mwenye droni ajue kuna kanuni za mwaka 2020 na ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, asije akairusha karibu na kiwanja akidhani anarekodi historia.

Nyumbani, jioni, fungueni Flightradar24. Ndege ndogo ya manjano mnayoiona ikitambaa juu ya ramani ya Elgon inaonekana kwa sababu mtu fulani amefunga antena juu ya paa lake ili kunasa ishara zake, mara nyingi kwa kujitolea. Kundi la shule linaweza kuomba kifaa hicho. Mkifunga kimoja Kitale, anga yetu itaonekana vizuri zaidi kwa wote.

Lakini kazi niliyowaitia hasa ni ya wazee. Wapo waliofanya kazi East African Airways, wakarudishwa nyumbani 1977 na barua moja. Wapo waliopakia magunia Lokichoggio. Wapo waliofyeka nyasi za viwanja vya walowezi. Nendeni kwao na sukari na majani ya chai, salimieni, msitoe simu kabla hamjaambiwa kaeni. Ombeni ruhusa ya kurekodi. Msimwambie mzee, tusimulie historia, maana atawapa hotuba. Mwulizeni: Kuka, siku ya kwanza kazini ulivaa nini? Nani alikufundisha kufunga mzigo? Mshahara ulikuwa kiasi gani, ukanunua nini? Injini ikikataa kuwaka mlifanya nini? Ombeni kuona kitambulisho cha zamani, sare, picha. Pigeni picha mbele na nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko majina yalipoandikwa. Andikeni tarehe, kijiji, na jina kamili la mzee kama anavyolitamka yeye. Wekeni nakala sehemu mbili, maana simu huibwa. Nakala moja ipelekeni makumbusho ya Kitale.

Na kabla hamjaaga, mwulizeni ni nani mwingine alifanya kazi naye, anakaa wapi siku hizi, na kama angekubali kuwapeleka kwake.